Ukinusurika: Milango ya Tiba ya Kiwewe, Nyumbani na Ughaibuni

Mtu aliyetoka hai kwenye vita, ubakaji, mateso ya mahabusu au shambulio la kigaidi huambiwa maneno mawili upesi: mshukuru Mungu, na sahau. Kushukuru ni kwema. Kusahau ndiko kunakomshinda. Miezi inapita naye bado analala taa ikiwaka, anachagua kiti kinachotazama mlango, anaruka kwa mlio wa pikipiki, anawafokea watoto kwa jambo dogo kisha anajifungia bafuni kulia. Wengi huishi hivyo miaka na miaka wakiamini kwamba ndivyo walivyo sasa. Ninawaandikia hao na ndugu zao, hasa wale ambao safari yao imevuka mipaka: aliyekimbia Kivu akafikia kambi ya Nakivale au Nyarugusu, aliyehamishiwa Marekani au Canada, aliyerudi kutoka Uarabuni na begi moja mkononi.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Kiwewe kina tiba. Tiba hiyo imejaribiwa huku kwetu, kwa watu wa ukanda huu, na mara nyingi anayeitoa hata si daktari bingwa. Ni mtu aliyefunzwa sawasawa, mwenye msimamizi juu yake, anayekutana nawe kwa ratiba mahali pa faragha. Kinachobadilika kutoka nchi moja hadi nyingine ni mlango wa kuingilia, na watu wengi hukwama mlangoni.

Siku za mwanzo

Kama tukio ni la juzi, mwili ndio wa kwanza. Aliyebakwa, awe mwanamke au mwanamume, anatakiwa afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5, ingawa kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Ukiweza, usioge kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa zifunge kwenye karatasi au gazeti. Mfuko wa plastiki huozesha ushahidi. Ukishindwa yote hayo, nenda hivyo hivyo.

Watu wengi hupoteza saa hizo wakihangaikia fomu ya polisi. Tanzania ipo PF3 na Kenya ipo P3, na zote mbili ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu hayapaswi kusubiri karatasi. Ukikatazwa huduma dirishani kwa sababu huna fomu, omba kuonana na mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali kadhaa za Tanzania Bara na Zanzibar zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, mnasihi, ustawi wa jamii na polisi hupatikana chini ya paa moja, ili usirudie habari yako kwenye meza nne tofauti. Uliza kwa jina hilo hilo.

Upande wa akili, wiki za mwanzo zinahitaji mambo madogo na ya uhakika: usalama, usingizi, chakula, na watu unaowaamini karibu. Asikulazimishe mtu kusimulia kila kitu "ili utoe." Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri watu wasipitishwe kwenye kikao cha kusimulishwa mara tu baada ya tukio, maana hakiwasaidii. Ukitaka kusema, sema kwa kiasi chako. Ukitaka kunyamaza na kuchota maji na wenzako, hilo nalo ni sawa.

Shirika hilo hilo linaonya dhidi ya kumpa aliyepatwa na tukio dawa za kutuliza za kundi la diazepam katika mwezi wa kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu vidonge hivyo hupatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa ya mitaani kwetu, na ndugu mwenye huruma ndiye huvinunua. Usiku wa kwanza utalala. Wiki za mbele utahitaji viwili, halafu hutalala bila hivyo, na hofu itakuwa pale pale ikikungoja.

Kuota ndoto mbaya, kushtuka, kuona tukio likijirudia mchana kweupe, haya huwapata karibu wote na kwa wengi hupungua yenyewe. Tafuta tiba kama mwezi umepita na hali haijashuka, au hata kabla ya hapo ikiwa huwezi kula, kulala, kufanya kazi au kumtunza mtoto. Usidanganywe na umri wa jeraha. Kuna watu waliotibiwa miaka mingi baada ya tukio na wakapata nafuu.

Na usitegemee kwamba kiwewe kitakuja na jina lake. Kwetu mara nyingi hupanga foleni hospitalini kama maumivu: kichwa kinawaka moto, mgongo, tumbo, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Unapimwa malaria na taifodi, unapewa dawa, unarudi baada ya wiki mbili. Kama vipimo vimekuwa safi mara ya pili na ya tatu, ongeza sentensi moja mbele ya daktari: "Maumivu haya yalianza baada ya kupatwa na jambo baya." Huhitaji kusema ni jambo gani. Sentensi hiyo inatosha kumbadilishia daktari njia ya kufikiri.

Kinachofanyika chumbani

Watu wanaogopa tiba hii kwa sababu hawajui kinachofanyika ndani. Wengine wanadhani watalazwa pamoja na wenye kichaa, wengine wanadhani watahojiwa kama polisi. Acha nieleze njia moja kwa kina, ile ya kusimulia maisha, iliyotungwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kujaribiwa zaidi kwenye makambi ya wakimbizi kuliko kwenye kliniki za Ulaya.

Kikao cha mwanzo, baada ya kuzungumza na kupimwa kwa maswali, mnasihi analaza kamba sakafuni. Ncha moja ni siku uliyozaliwa. Ncha ya pili huachwa imekunjwa, kwa kuwa maisha bado yanaendelea. Unapewa maua na mawe. Kando ya kamba unaweka ua pale palipokuwa na jema: bibi aliyekulea, siku ulipofaulu mtihani, mtoto wa kwanza. Unaweka jiwe pale palipokuwa na baya, dogo au kubwa, na unasema jina lake tu: "hapa ni usiku wa Walikale," "hapa ni lile gari." Hakuna anayekudai zaidi ya hapo siku hiyo. Wengi hushangaa kuona kamba ina maua mengi kuliko walivyokumbuka, na kwamba mawe yana mahali pake, yana kabla na baada.

Vikao vinavyofuata, vya dakika 90 hivi, hufuata kamba tangu utotoni. Mkifika kwenye jiwe, mwendo unapunguzwa. Mnasihi anauliza uliona nini, ulisikia harufu gani, uliwaza nini, mwili ulifanya nini wakati ule, na sasa hivi unafanya nini. Mikono inaweza kutetemeka, jasho linaweza kutoka. Anakukumbusha mara kwa mara kwamba sasa mko chumbani, mwaka huu, mlango uko pale. Hakuachi katikati ya hofu. Kikao kinaendelea mpaka mapigo ya moyo yashuke. Akienda kwake anaandika uliyosema, na siku inayofuata anakusomea, nawe unasahihisha. Mwisho unakabidhiwa habari nzima ya maisha yako kwenye karatasi.

Kambini Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, njia hii ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na walioitoa walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, ya watu 277, yalionyesha kwamba takriban saba kati ya kumi waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe walipopimwa baadaye. Waliopata ushauri nasaha wa kawaida lakini wa mpangilio mzuri hawakuwa nyuma sana. Ambao hawakupata chochote walibaki nyuma mbali. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: usipoteze mwaka ukitafuta njia yenye jina kubwa wakati kuna mnasihi makini kilomita tano kutoka kwako.

Njia nyingine hufanya kazi na mawazo yanayoganda baada ya tukio: kosa ni langu, mimi ni mchafu, hakuna mtu wa kuaminika. Kivu Kusini njia hiyo ilitolewa kwa vikundi vya wanawake waliopatwa na ukatili wa kingono, wengi wao hawajui kusoma, kwa hiyo walijifunza kwa kukariri badala ya kuandika. Utafiti wa wanawake 405 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba miezi sita baadaye, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi hivyo na asilimia 42 kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Kwa watoto, watafiti walikwenda Moshi na Bungoma na kuwaandikisha yatima 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13. Waliowaongoza walikuwa watu wa jamii zao, wasiokuwa wanasaikolojia. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, watoto waliopata tiba kwa vikundi walipata nafuu kuwazidi wenzao wasioipata. Ukiwa na mtoto aliyeona mabaya, usingoje akue. Ulaya na Marekani utakutana pia na EMDR, ambapo unakumbuka tukio huku macho yako yakifuata mkono wa mtaalamu ukienda kulia na kushoto. Inaonekana kama mchezo, lakini ni tiba inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani.

Kabla ya kuanza yoyote kati ya hizo, una haki ya kuuliza. Umesomea wapi kazi hii? Nani anakusimamia? Vikao vingapi? Nikitaka kusimama katikati? Nini kitabaki kati yetu na nini utalazimika kukisema? Mnasihi mzuri hujibu bila kukasirika. Kenya, wanasihi na wanasaikolojia wana bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2014, kwa hiyo unaweza kuuliza kama amesajiliwa. Ondoka mara moja kwa yeyote anayekugusa kwa namna usiyoipenda, au anayetaka kukupiga picha au video "kwa ajili ya ripoti ya mradi." Habari ya jeraha lako si ada ya kuingilia kwenye huduma. Manusura wengi wamejikuta kwenye mabango na mitandao kwa sababu walidhani kukataa kutawanyima msaada, na huo ni ukatili wa pili.

Milango ya nyumbani

Tanzania, usianze na safari ya hospitali ya Mirembe au Muhimbili. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na dirishani sema hivi: "Naomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili, sitaki kueleza hapa." Usitaje zaidi mbele ya foleni. Kama hayupo, afisa ustawi wa jamii ndiye mlango wa pili, na ndiye pia anayeshughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Kutoka hapo utapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ikihitajika. Zanzibar, hospitali ya akili ni Kidongo Chekundu, ila kwa ukatili wa kijinsia nenda kwanza Mkono kwa Mkono. Kwenye vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya watoto, na ni bure.

Kenya ina historia ndefu na chungu ya kujifunza jambo hili: mabomu ya Agosti 7, 1998 yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam siku hiyo hiyo, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulio ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Piga 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya au 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kwa watoto ni 116 kama Tanzania. Hospitali za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili, na Mathari ni ya rufaa. Nairobi pia ndiko ulikojaribiwa mpango wa vikao vitano kwa wanawake waliopitia ukatili, ukitolewa na wahudumu wa afya ya jamii mitaani kwao. Ulizia kwa mhudumu wa mtaa wako. Huenda anajua zaidi kuliko unavyofikiri.

Rwanda ndiyo nchi ya ukanda huu ambayo imelazimika kulijenga jambo hili kwa taifa zima, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hospitali za wilaya zina wauguzi wa afya ya akili, Ndera ni ya rufaa, na namba 114 ni ya huduma za afya. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, watu huanguka, huishiwa pumzi, hupiga kelele kama vile ni siku ile, na wasaidizi huwekwa tayari kwenye mikutano ya hadhara kuwapokea. Kama wewe ni manusura unayeishi mbali, Dar es Salaam au Brussels, jipangie Aprili yako mapema: nani utakuwa naye, utaangalia habari kiasi gani, mnasihi utamwona lini. Utaratibu mwingine wa Rwanda ninaouheshimu sana ni vikundi vya kuponyana vilivyoanzia Byumba mwaka 2005. Watu kumi hadi kumi na watano hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, wakipanda hatua moja moja: usalama, kuaminiana, kujaliana, heshima, mwelekeo mpya, na kumbukumbu mwishoni kabisa. Mpangilio huo una hekima. Kumbukumbu haifunguliwi kabla watu hawajawa salama pamoja.

Kongo, Hospitali ya Panzi pale Bukavu, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, humpokea manusura wa ubakaji kwa mambo manne kwa pamoja: mwili, akili, sheria, na namna ya kujitafutia riziki. Goma ipo HEAL Africa. Vijijini na kwenye makambi watafute wale wasaidizi wa kisaikolojia wanaoitwa APS. Vituo vingi vya afya vinawajua. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, barabara na huduma hubadilika, kwa hiyo mtume mtu au piga simu kabla hujatembea na mgonjwa. Burundi, hospitali ya akili ni ile ya Kamenge, Bujumbura.

Kwenye makambi, iwe Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au Nakivale, uliza kituo cha afya au ofisi ya ulinzi ni shirika gani sasa linatoa unasihi. Nasema "sasa" kwa makusudi: misaada ya Marekani ilikatwa kwa wingi mwaka 2025 na huduma nyingi zikafungwa au kupunguzwa. Shirika lililomhudumia jirani yako miaka miwili iliyopita huenda halipo.

Ukiwa Uarabuni, au umerudi

Dada anayefanya kazi za ndani Oman, Saudia au Imarati mara nyingi hana mlango wake mwenyewe; simu, pasipoti na kadi ya hospitali vyote vinapitia kwa mwajiri. Kukiwa na hatari, ubalozi na dharura ya hospitali ndivyo vya kukimbilia. Ukishafika nyumbani, pima afya ya mwili wiki ile ile. Hulazimiki kuisimulia familia yote kilichotokea, hata wakiuliza hela ziko wapi. Mtu mmoja unayemwamini anatosha kwa kuanzia. Hifadhi mkataba, jumbe za simu, picha za majeraha na nakala ya pasipoti, kwa sababu huenda uliyopitia ni usafirishaji haramu wa binadamu, nao una sheria yake Tanzania tangu 2008 na Kenya tangu 2010. Si lazima uamue leo kama utashtaki. Ukihifadhi, utaamua baadaye.

Anayesafiri kwenda huko naye ajue: diazepam, tramadol na dawa za namna hiyo zinadhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba. Bila karatasi za daktari, kidonge cha kulalia kinaweza kukufikisha rumande.

Ulaya na Amerika Kaskazini

Huko wataalamu ni wengi, lakini kuna foleni na kuna lugha. Nianze na lugha, maana ndiyo inayoharibu zaidi.

Marekani, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bure, chini ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Uingereza, waombe wakupangie mkalimani unapoweka miadi. Usimtumie mtoto wako. Mtoto wa miaka kumi na miwili asiwe yeye wa kutamka kwa Kiingereza kilichompata mama yake. Sema ni Kiswahili gani, kwa sababu aliyezoea cha Bukavu na aliyezoea cha Unguja wanaweza kupotezana kwenye mambo ya mwili na hisia. Una haki ya kuomba mkalimani mwanamke. Una haki pia ya kumkataa unayemfahamu, au ambaye jina na kabila lake vinakurudisha kule ulikokimbia. Ukiogopa habari zako zisambae kanisani au msikitini, omba mkalimani wa simu aliye mji mwingine, na usimtajie jina lako.

Kikao chenye mkalimani mzuri utakitambua. Mnakaa pembe tatu, mtaalamu anakutazama wewe wakati anasema, mkalimani anasema "mimi" pale uliposema "mimi," haongezi wala hafupishi. Ukizungumza dakika mbili naye akatafsiri kwa maneno manne, simamisha. Sema kwamba hakijatafsiriwa chote. Hilo si utovu wa adabu.

Foleni sasa. Marekani, mkimbizi anayehamishwa hupimwa afya miezi ya mwanzo, na mara nyingi huulizwa maswali mafupi kuhusu usingizi, hofu na mawazo. Jibu kweli. Majibu hayo hayakurudishi ulikotoka. Minnesota kipo Kituo cha Wahanga wa Mateso, kilichoanzishwa 1985, na New York ipo huduma ya manusura wa mateso katika hospitali ya Bellevue. Canada, aliyeomba hifadhi ana bima ya muda ya serikali kuu inayogusa pia afya ya akili, na Toronto kipo kituo maalumu cha walioteswa. Uliza kabla ya miadi bima inalipa kiasi gani.

Uingereza, jisajili kwa daktari wa familia. Huhitaji hati ya uhamiaji wala uthibitisho wa anwani, hata kama karani wa mapokezi atakuambia vingine. England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo bila rufaa. Walioteswa waulizie Freedom from Torture au Helen Bamber Foundation. Ujerumani, tangu mwaka 2024, anayesubiri uamuzi wa hifadhi hupata matibabu ya kiasi tu kwa hadi miezi 36, na bima ikishakuja bado mkalimani wa tiba hana uhakika wa kulipiwa. Kwa hiyo tafuta vituo vya kisaikolojia na kijamii vya wakimbizi, vilivyopo miji mingi. Berlin kipo Zentrum Überleben. Jiandikishe mapema, hata ukiwa na nafuu siku hiyo.

Kwa mwomba hifadhi, tiba na kesi hugusana. Kiwewe huvuruga tarehe na mpangilio wa matukio. Afisa akiona tarehe mbili tofauti anaweza kuona uongo. Mwambie wakili wako mapema kwamba unapata shida ya kukumbuka, na umwombe ripoti ya daktari iliyoandikwa kwa kufuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuthibitisha mateso, wenye kuangalia makovu ya mwili na ya akili pia.

Siri nayo ina mipaka, na mipaka hiyo hutofautiana. Kwa kawaida mtaalamu atavunja siri ukiwa katika hatari ya kujiua au kumuua mtu, na Marekani analazimika kutoa taarifa akisikia mtoto anateswa. Mwombe akueleze mipaka hiyo kikao cha kwanza, kabla hujasema lolote.

Dawa, dua na familia

Si kila mtu anahitaji dawa. Sonona ikiambatana na kiwewe, daktari anaweza kukuandikia fluoxetine au sertraline, au amitriptyline ambayo ndiyo hupatikana zaidi kwenye vituo vyetu. Hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla. Amitriptyline ikizidi huua. Ndugu aitunze, hasa kwa mtu anayewaza kufa. Ukihama nchi, beba barua yenye jina halisi la dawa na kipimo chake, maana jina la kibiashara halivuki mpaka.

Dua, kisomo, maombi na toba vinamsaidia mtu, na sioni sababu ya kumwambia manusura achague kati ya shehe au mchungaji na mnasihi. Aende kote. Ila palipo na kufungwa minyororo, kuchapwa "ili pepo litoke," kunyimwa chakula au kuamriwa kuacha dawa, muondoe ndugu yako hapo leo. Aliyeteswa hatibiwi kwa mateso.

Wewe unayeishi naye, usimshtue kwa nyuma, usimguse akiwa usingizini. Muite kwa jina ukiwa mbali kidogo. Picha za tukio zikimvamia, usimwambie ajikaze. Mwambie jina lako, mahali mlipo na siku ya leo. Mwambie akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ataje vitu vitano anavyoviona, mpe maji baridi ayashike mkononi. Pumua taratibu naye, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Itapita baada ya dakika chache. Usiulize aliona nini.

Kuhusu mawazo ya kujiua, uliza wazi: "Je, unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu, kamba na vidonge, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Marekani na Canada piga 988, ambako Marekani unaweza kuomba mkalimani. Uingereza piga 111. Kwetu watu hunyamaza kwa kuogopa sheria. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinapingana na katiba. Tanzania kifungu cha namna hiyo hakijafutwa, lakini kuwa na mawazo hayo na kumweleza mhudumu wa afya si kosa katika nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Na kama umesoma mpaka hapa kwa ajili ya mtu mwingine, usiishie kumtumia makala. Muulize siku gani ana nafasi wiki hii, mtafutie nauli na wa kubaki na watoto, kisha mwende wote ukakae naye kwenye benchi mpaka aitwe.